Ulezi Niliokopeshwa Umalila

Mjomba wangu Asegelile, aliyechimba dhahabu Makongolosi mpaka mgongo ukapinda, alinitazama siku niliyorudi kutoka Uganda na diploma yangu ya kilimo, akauliza nimesomea nini hasa. Nikamwambia nimesomea namna mimea inavyobadilika mahali inapoishi panapobadilika. Akavuta kiko chake, akapuliza moshi, akasema, "Yaani umekwenda mbali kote kule kusomea nyasi." Uani pote watu wakacheka. Shangazi ilibidi aweke kikombe chini ili chai isimwagike.

Hakuwa peke yake. Karani wa boma la Mbeya alinipa jina la Bwana Diploma, akawa analitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau. Mkubwa wetu wa kilimo alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Kofia, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona bila ile ya kwake ya jua. Alisoma barua yangu ya sifa kwa haraka, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuamuru, "Mmea ni mmea tu. Wewe utapima mashamba. Hayo mengine hutaweza." Hata mchungaji wetu, mtu mpole, aliniuliza baada ya ibada kama nisingependa kufundisha shule, kwa kuwa kazi ya mbegu tayari ilikuwa na wenyewe, yaani akina mama.

Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaotoka vyuoni sasa, na neno la kwanza ni kwamba niliweza. Sitajifanya mnyenyekevu. Nimezeeka, na unyenyekevu ni wa watu ambao bado hawajafanya kitu. Mimi ni mtoto wa mjane wa Umalila aliyeuza maharage ili nisome, nilikwenda nikarudi, na kile nilichosema kitatokea shambani kilitokea.

Kwanza mwelewe ubishi wenyewe ulikuwa nini.

Bwana Kofia alikuwa na ulezi wake. Ulitunzwa katika shamba la serikali pale Mbeya kwenye udongo mzuri, ukamwagiliwa, ukapendeza. Shina nene, la kijani tupu toka chini hadi juu, suke limefumba kama ngumi ya mtoto. Akapanga kwamba msimu unaofuata ulezi huo upelekwe kila mahali, kuanzia milima ya Umalila kwenye baridi, kupitia nchi ya Iringa, hadi Ubaruku kwenye joto la Usangu. Ulezi wa zamani wa watu ungeachwa. Wangeambiwa wausage wote, wale ugali, waanze upya.

Nilipomsikia anasema hivyo katika mkutano wa watumishi, nilisimama. Nilikuwa na soksi ndefu na kaptura iliyopigwa pasi ya mkaa, na nilikuwa mdogo kuliko wote. Nikasema, "Bwana, ulezi wa Umalila umekaa na baridi tangu enzi za mababu. Huu wako haujui baridi. Ukiupeleka kule, na watu wakawa wamekwisha kula mbegu yao, mwaka mbaya ukija watakula nini?"

"Ulezi una akili, basi?" akauliza. "Unajua baridi?"

Watumishi wakacheka, maana ilikuwa salama zaidi kucheka.

"Hauna akili," nikasema. "Una watoto."

Maneno hayo nilikuwa nimeyapata kwa mwalimu wangu kule Uganda, mzee mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akitupeleka shambani na kutukataza kumwambia kilichoota. "Kilichoota hata kipofu anakigusa," alikuwa akisema. "Niambieni kilichokufa, na kwa nini jirani yake hakufa." Sikilizeni vizuri, maana hapo ndipo elimu yote ilipo. Mmea hauna miguu. Mvua ikipungua, hauhami kwenda Tukuyu kwenye mvua. Lakini ukichota ulezi kiganjani, punje zile si pacha. Moja itachanua mapema, nyingine itachelewa. Moja itavumilia baridi, nyingine itaungua. Mahali penyewe ndipo panapochagua. Inayoshindwa haiachi mtoto, inayoweza inaacha wengi, na baada ya misimu mingi shamba zima ni watoto wa walioweza. Mmea mmoja haujifunzi kitu. Ukoo wake ndio unaobadilika.

Bwana Kofia hakupenda kujibiwa mbele za watu. Akasema, "Msimu mmoja. Lete ulezi wako wa milimani na wa bondeni, panda pamoja na wangu. Wangu ukishinda, utakwenda Chunya kukagua ngozi za ng'ombe, na sitaki kusikia tena juu ya watoto wa ulezi." Akaongeza kwamba mbegu nijitafutie, ofisi haina.

Nikakubali kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

Mbegu, basi. Siku hizi mnaingia dukani mnatoka na mfuko. Kwetu wakati ule ulezi wa kula ungeweza kuununua, lakini ulezi wa mbegu haukuuzwa kwa mtu yeyote. Ulikopwa. Mama mwenye mbegu alikupimia kibaba akakisawazisha kwa ubapa wa mkono, nawe ulirudisha kibaba chenye kilima juu yake. Hilo lilikuwa jepesi. Gumu ni hili: ulipaswa kurudisha mbegu ileile, mavuno ya ile uliyopewa, si ya jirani wala ya sokoni hata ingekuwa nzuri mara mbili. Na ilikuwa lazima uwe na mdhamini wa kusimama uani pamoja nawe. Ukishindwa kurudisha, wewe na mdhamini wako hamkopeshwi tena mbegu na mtu yeyote wa kilima kile. Katika nchi ambayo kila mtu siku moja panya humlia mbegu, hiyo ilikuwa hukumu ya njaa.

Nilikwenda kwa Bibi Elika. Ulezi wake ulikuwa mkongwe kuliko wote Umalila, mfupi, mgumu, wenye wekundu chini ya shina kama kifundo cha mguu kilichochubuka. Mama yangu alisimama nami.

"Mwagona, bibi," nikamsalimu.

"Mwagona. Huyu ndiye aliyekwenda kusomea nyasi?" akamwuliza mama.

"Ndiye."

"Mbona miguu yake imefungwa vitambaa?"

"Ni soksi, bibi," nikasema. "Nimekuja kukopa mbegu."

Akasikiliza maelezo yangu yote, kwamba nitaigawa mbegu yake mafungu matatu, fungu moja nilipande hapa Umalila, jingine Ifunda upande wa Iringa, na jingine Ubaruku. Aliposikia Ubaruku aliacha kuchambua maharage.

"Kule kwenye mbu? Utaiua."

"Huenda sehemu ikafa. Hicho ndicho ninachotaka kukiona."

"Unakuja kwangu kukopa kitu ili ukione kinakufa," akasema, "halafu unasema umesoma." Akamgeukia mama. "Wewe unamdhamini huyu?"

Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Ninamdhamini. Asiporudisha, mimi ndiye nitakayepanda mawe."

Ngozi za Chunya nilikuwa sijaziogopa sana. Sasa ilikuwa mikono ya mama yangu, na shamba lake, na uso wake mbele ya majirani.

Kule Ifunda nilikopeshwa na Mama Yustina, mzazi wa rafiki niliyesoma naye, ambaye alisali kwanza kwa Mtakatifu Antoni asimamie mbegu yake isipotee, kisha akapima. Ubaruku nilikopeshwa na Mama Zena, aliyezoea kuja Mbeya kubadilishana mchele kwa maharage ya mama. Yeye alicheka tu. "Ulezi wangu utakwenda Umalila kutetemeka," alisema. "Uvalishe hizo soksi zako." Na hao wote wawili, walipouliza mdhamini ni nani, nililitaja jina la mama, nao wakalipokea jina badala ya mtu, kwa kuwa wote wawili walimjua au walimjua anayemjua.

Ule utani wa soksi ulinipa akili. Punje ya ulezi ni ndogo, hujificha katika mshono wa gunia, na punje chache za mgeni zinatosha kukuharibia jibu. Gunia sikulitaka tena. Nilichukua soksi zangu zote, nikazigeuza nje ndani, nikazikung'uta juani, kila mbegu nikaipa soksi yake na fundo lake. Nilisafiri kwa lori kutoka Mbeya hadi Ifunda nikiwa na miguu mitupu ndani ya viatu vya ngozi na soksi zimening'inia shingoni kama ndizi. Utingo aliniuliza kama nauza. Nikamwambia hawezi kumudu.

Jambo jingine la kazi. Vibao vya kuonyesha kila kitalu ni cha nani msiandike kwa wino. Mwanzoni niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo kwenye karatasi nene, nikazitia kwenye chupa, nikazichomeka ardhini. Mchwa walikula vizibo, mvua ikaingia, mwandiko mzuri ukawa chai. Bahati nilikuwa nimechora ramani ya vitalu. Tangu siku hiyo nilikata vipande vya bati, nikavikwaruza kwa mchanga, nikaandika kwa penseli. Mvua haina uwezo juu ya penseli.

Katika kila moja ya sehemu zile tatu nilipanda vitalu vinne: wa Bibi Elika, wa Mama Yustina, wa Mama Zena, na ule wa shamba la serikali. Kuzunguka sehemu zote tatu kulinichosha kuliko shule yote. Nilipanda malori, niliendesha baiskeli, na kutoka barabarani kwenda Ubaruku masika nilibeba baiskeli iliyopaswa kunibeba mimi.

Sasa niwaambie siku ambayo karibu nipotee.

Vitalu vya Umalila vilikuwa ukingoni mwa shamba la mama. Ulezi ulikuwa umefikia kiasi cha kidole kirefu, wakati wa palizi ya kwanza. Nami nikiwa njiani nikipanda kilima na baiskeli, Bwana Kofia akafika kabla yangu na gari lake, pamoja na wageni kutoka Dar es Salaam waliotaka kuona majaribio. Akataka kuwaonyesha namna palizi inavyofanywa. Akachuchumaa mwenyewe, akang'oa.

Lazima mjue kuna gugu tunaloliita ulezi mwitu. Tangu zamani za kale wanawake wamekuwa wakipalilia. Kila gugu lililoonekana tofauti na ulezi liling'olewa. Lililofanana nao kidogo lilipona, likazaa, na watoto wake waliofanana nao zaidi wakapona zaidi. Leo gugu hilo linafanana na ulezi mpaka unaweza kuapa ni ndugu wa tumbo moja. Halikufundishwa na mtu. Jembe la bibi zenu ndilo lililolichonga.

Bwana Kofia alijua ulezi wa aina moja, wa kwake, wa shina la kijani. Alipoona shina lenye wekundu chini, akasema hilo ndilo gugu. Aling'oa ulezi wa Bibi Elika karibu wote, akauacha ulezi mwitu umesimama kwa mistari safi, ukipepewa na upepo, na wageni wakiandika.

Nilipofika alikuwa anapangusa mikono. "Umechelewa," akaniambia. "Kitalu chako kilikuwa kichafu. Nimekusafishia."

Nikatazama lile rundo la miche. Mizizi ilikuwa bado na udongo. Mama alikuwa amesimama pembeni ya uzio, na nilimwona usoni kwamba alikuwa amesema kitu na hakusikilizwa.

"Bwana," nikasema, "umeng'oa ulezi. Ulioacha ni magugu."

Wageni wakaacha kuandika.

"Unasema nini?"

"Ninasema njoo uone." Nikang'oa gugu moja lililobaki na kuliweka kando ya mche mmoja wa rundoni. "Bonyeza hapa chini. Gugu ni bapa kama ukanda, ulezi umejaa. Wekundu si kitu. Wekundu ni rangi ya ukoo wake tu, kama mtu kuwa na masikio ya baba yake."

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Uso wake ukawa mwekundu kuliko ile miche. "Basi jaribio la Umalila limekwisha," akasema. "Utaandika kwamba kitalu kiliharibika."

"Sitaandika hivyo."

"Hii ni amri."

"Nipeleke Chunya leo hii, Bwana, lakini nikiandika nitaandika kilichotokea na aliyekitenda. Au uniache nipande tena jioni ya leo, na nisiandike kitu kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Chagua mbele ya wageni wako."

Ndiyo, nilisema hivyo. Kuna watu bado hai waliosikia. Akapanda gari, na wageni wake wakamfuata.

Mama alikuwa tayari ameshika ndoo. Ulezi una sifa moja njema, unakubali kuhamishwa ukiwa mche kama mpunga, ila ufanye haraka. Tulikoroga udongo mwekundu na maji ukawa uji, tukachovya mizizi, tukakata ncha za majani ili mche usipoteze maji, tukapanda jua lilipoanza kuegemea mlima, tukafunika kila mstari kwa majani ya magugu ya mtoni. Bibi Elika alipita njiani na kuni zake. Akasimama. Akatazama mbegu yake ikirudishwa ardhini kama wagonjwa wanaolazwa.

"Ile ya Ubaruku nayo mnaichezea hivi?" akauliza.

"Hapana, bibi," nikasema. "Ile inapigwa na jua tu."

Akamwambia mama, "Anza kuokota mawe yako mapema, mazuri yataisha," akaendelea na safari yake. Mama alichukua mche mwingine. Aliendelea kuchovya.

Zaidi ya nusu ya miche ilishika. Kila nilipopita nilihesabiwa na macho ya jirani zetu, nami nilipita nikipiga mluzi, maana sikutaka wapate faida.

Msimu ulipoiva, majibu yalikuja kwa sauti ambayo kiziwi angeisikia. Umalila baridi ilishuka mapema, asubuhi umande ukawa umeganda juu ya majani. Ulezi wa Mama Zena ulikuwa bado unajifikiria, haujatoa suke, ukaungua wote. Ule wa serikali uliungua masuke yakiwa na maziwa. Ulezi mfupi wa Bibi Elika, uliong'olewa na kupandwa tena, ulisimama umeinamisha vichwa, umejaa. Ifunda aliongoza Mama Yustina. Ubaruku aliongoza Mama Zena, na pale ulezi wa Bibi Elika ulikauka kama alivyosema utakauka, isipokuwa mashina machache. Hayo machache yalichanua mapema kuliko ndugu zao, kabla joto halijawakamata, yakajaza punje.

Nilipoyaona mashina yale nilikaa chini kwenye tuta. Mwalimu wangu alikuwa ametufundisha kuangalia wafu, na mimi nilikuwa nimezungukwa na wafu, na katikati yao waliobaki walikuwa wanaonyesha waziwazi sababu ya kubaki. Niliyavuna kwa kisu, suke kwa suke, nikayatia katika soksi yao wenyewe.

Bwana Kofia alikuja kuona sehemu zote tatu. Nasema kwa haki, alikuja. Ubaruku alitembea mistari yote chini ya jua, akasema, "Huenda ni bahati."

"Bahati haioti kwa mistari, Bwana," nikamjibu.

Mpango wake hakuufuta. Aliuahirisha msimu mmoja, akasema niyapande tena yale masuke machache ya Ubaruku, palepale, tuone kama watoto wao ni kweli wamerithi kitu. Nilisema tutaona, naye akasema tutaona, na kila mmoja alikuwa na lake.

Nikaanza kulipa. Niliwapuria kila mmoja ulezi wake kwenye turubai lake, siku yake. Mama Zena alichota kiganja, akapuliza, akatazama kilima juu ya kibaba, akasema, "Huu umerudi. Haujatetemeka hata." Mama Yustina alimshukuru Mtakatifu Antoni kwanza na mimi baadaye.

Bibi Elika alikuwa jambo jingine. Nilimletea kibaba chenye kilima, mavuno ya Umalila tu. Akakimwaga kwenye ungo, akapepeta, akatafuna punje, akatema.

"Nitajuaje hukuchanganya na ule wa Ubaruku?"

"Nimekwambia, bibi."

"Umeniambia. Na yule Mzungu wako naye alisema ulezi wangu ni magugu." Akakunja mkeka. "Nitaupanda. Ukitoa suke kabla ya wakati wake, au shina likakosa wekundu, basi si wangu na hujalipa. Ukitoa kama unavyotoa siku zote, nitamwita mama yako."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo bado nakudai, na mama yako bado ni mdhamini."

Msimu mzima, basi. Mama hakwenda kukopa mbegu ya njegere mwaka ule ingawa panya walimlia yake. Alisema hana hamu ya njegere. Mimi nilijua sababu, naye alijua kwamba najua, na tulikula maharage matupu.

Nami huku nilikuwa Ubaruku na yale masuke yangu machache. Yalipandwa yakawa kitalu, na kitalu kile hakikukauka. Si chote, lakini sehemu kubwa ilichanua mapema na kujaa, wekundu wa Bibi Elika uko chini ya kila shina, ukoo wa mlimani ukizaa kwenye joto la Usangu. Kando yake nilikuwa nimepanda mstari wa mbegu yake ya Umalila isiyopitia joto, na mstari ule ulikauka. Bwana Kofia alisimama kati ya viwili hivyo muda mrefu. Hakusema ni bahati. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Watu wa milimani bado wana ulezi wao, au wamekwisha kula?"

"Bado wanao," nikasema. "Sikuwaambia waule."

Siku ile ilipofika, mtoto wa jirani alitumwa kutuita. Tulikuta Bibi Elika amesimama katikati ya shamba lake lililotokana na kichaka kilichochomwa, ulezi ukiwa umeiva, haujamfika kiunoni, mfupi, mwekundu miguuni, umechanua wakati wake. Wanawake wa kilima walikuwa wamekaa ukingoni. Mjomba Asegelile alikuwepo na kiko chake, amekuja kuona mpwa wake akiaibika au asiaibike, vyovyote isimpite.

Bibi Elika alivunja suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza makapi. Nusu akatafuna mwenyewe. Nusu akamtilia mama yangu kiganjani, na mama akatafuna.

"Umerudi," Bibi Elika akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sikudai, na humdhamini mtu tena. Njoo kesho uchukue njegere, najua panya walipita kwako."

Mama alifuta kiganja kwenye kitenge chake. Aliniangalia, kisha akaangalia pembeni haraka, na mimi nikaangalia mlima. Mjomba akasema, "Kumbe nyasi zinasomeka," na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Hatujatoka shambani, tukasikia gari likipanda kilima kwa gia ya kwanza. Bwana Kofia alishuka na yule karani wa boma nyuma yake, amebeba gunia jipya. Bwana Kofia alikuwa amekuja mwenyewe. Alitaka mbegu ya Umalila kwa ajili ya mashamba ya Umalila, akaniambia nimwulize huyu mama anataka kulipwa nini.

"Hauzwi," nikasema. "Unakopwa. Na ni lazima umwombe mwenyewe, Bwana."

Basi akaomba, kwa Kiswahili chake, pale katikati ya ulezi, na wanawake wote wakisikiliza. Bibi Elika alimtazama kuanzia viatu.

"Na huyu," akauliza, "anadhaminiwa na nani?"

Karani akatazama gunia. Bwana Kofia akanitazama mimi. Nyuso zote za kilima zikanigeukia, na ninawaambia ukweli vijana wangu, sikuwa na haraka. Nililiacha jua lisogee kidogo. Nilikuwa nimemaliza kulipa kila mtu aliyenikopesha, sikudaiwa punje moja chini ya mbingu, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kufikiri.

"Mimi," nikasema hatimaye.

Bibi Elika akamwashiria mjukuu wake alete kibaba.

"Haya, mpimie," akasema. "Lakini kisawazishe kwa ubapa wa mkono, usiache hata punje ya juu. Huyu bado hatumjui."